Tangi la Kiwanda cha Sabuni

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Sultani, fundi wa kuchomea vyuma wa Kamembe, wakati mizinga ilipokuwa ikilia ng'ambo ya mpaka, Bukavu. Kiwanda cha sabuni kilichoachwa tangu mauaji ya 1994 kilikuwa kinageuzwa soko, naye akaitwa kukata tangi kuu lililobaki ndani, mahali penye giza hata mchana.

Kabla hajawasha gesi, alisikia mtu akigonga. Mlio ulitoka ndani ya tangi.

"Papa Protais," alimwita msimamizi, "kuko muntu humu!"

"Kata mbio, atakufa!"

Sultani alikata tundu la kupitisha mkono. Kugonga kukakoma. Protais akaingiza mkono, akasema kwa upole, "Shika hapa, ndugu."

Akavutwa mpaka bega likajigonga kwenye chuma. Mfupa ukalia kama kuni kavu.

"Bananivuta!" alipiga kelele. "Sultani, bananivunja!"

Sultani na vibarua waliokuwa karibu wakamshika kiuno, wakavuta kwa nguvu zote. Mkono ulitoka umevunjika kiwiko na kiganja, damu ikiwamwagikia miguuni.

Vibarua walishika nyundo kwa hasira, wakamwambia Sultani alipasue tangi lote. Akalipasua. Hamkuwa na mtu. Mlikuwa na sabuni ya zamani tu, imegandia kuta zote. Ila juu kabisa, kwenye dari ya tangi, palikuwa na nyayo za miguu mitupu, nyingi, na ndani ya kila unyayo sabuni ilikuwa laini, bado inainuka polepole, kana kwamba mguu umetoka pale sasa hivi.