Fulana ya Mpira ya Baba Mdogo

Mwezi wa saba huko Kilolo, mtoto akioga asubuhi anatoka akifuka moshi kama sufuria ya maharage. Yusta, mwanafunzi wa darasa la sita, hakuwa na tatizo hilo. Alinawa uso na miguu, kisha akatangaza kwamba ameoga.

Aliishi kwa baba yake mdogo, Anord, mzamiaji wa mradi wa maji wa kijiji. Magugu yalipoziba mdomo wa bomba chini ya bwawa, Anord ndiye aliyezama kuyakata. Maji yale yalikuwa baridi kiasi cha kuumiza meno, kwa hiyo alivaa nguo mbili za mpira: fulana nyembamba ndani, suti nene juu yake.

"Maji kidogo yananaswa ndani, mwili unayapasha moto," alimweleza Yusta. "Yakitulia, sisikii baridi. Yakianza kupitapita, nimekwisha."

Ijumaa moja Yusta aliianua fulana ile kwenye kamba, akaivaa ndani ya shati la shule. Kwenye mchakamchaka wenzake walitetemeka, yeye akatoka jasho.

"Wee Yusta, umemeza jiko?" aliuliza rafiki yake Jackline.

"Mwenzenu nina damu ya moto," Yusta alijibu kwa maringo.

Wakati wa kurudi alipenya chini ya seng'enge ya shamba la miti ili kufupisha njia. Kraa! Fulana ikachanika ubavuni, urefu wa kiganja. Yusta alifanya kile ambacho watoto wa kule hufanya sweta likichanika: alichukua sindano na uzi mweusi, akashona. Akaikunja vizuri, akairudisha. Nitamwambia kesho, alijisemea.

Kesho yake bomba liliziba. Yusta alipopeleka chupa ya uji bwawani, alimkuta Anord akijipenyeza kwenye fulana, huku Didas, mshika kamba, akimvutia mgongoni.

"Kamwene, Yusta! Njoo tulishindilie hili gunia la viazi," Didas alimsalimu kwa Kihehe.

Yusta alicheka kidogo. Maneno yalimfika kooni. Suti nene ikapandishwa, zipu ikafungwa, naye akayameza.

Haukupita muda kamba ikatikisika. Didas akavuta haraka. Anord alitoka midomo ikiwa rangi ya majivu, meno yakigongana. Kisu kilimponyoka mkononi.

"Ma-maji yanapita ndani," alisema. "Sijui nimekonda?"

"Umezeeka, kaka!" Didas alicheka. "Tuwaambie mradi watafute kijana."

Mama wawili waliokuja kuchota maji nao wakacheka. Wakajitwika ndoo zao, wakaondoka wakisimuliana habari za mzamiaji aliyezeeka. Anord alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa chini. Yusta hakuwahi kumwona akitazama chini. Masikio yalimwaka moto katika baridi ile.

"Nipe kisu," Anord alisema. "Narudi. Zahanati haina maji."

"Usirudi!" Sauti ya Yusta ilitoka na kilio. "Hujazeeka, baba mdogo. Fulana imechanika. Niliivaa shuleni, ikachanika, nikaishona."

Didas aliacha kucheka. Anord alifungua zipu, akapapasa ubavuni hadi akaupata mshono. Uzi ulikuwa umeachia, na kila tundu la sindano lilivuja.

"Umeishona kama sweta," alisema polepole. Akaivua, akampa Didas. Yusta hakujua aiweke wapi mikono yake.

Didas aliondoka na fulana kwa pikipiki hadi kwa fundi wa pancha, ambaye aliibandika kiraka cha mpira kwa gundi, kama tairi la baiskeli. Anord alijifunika blanketi, akanywa uji mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Didas aliporudi, gundi ikiwa imekauka, Anord alizama tena. Safari hii alitoka na mafungu ya magugu, na mchana mabomba yakatoa maji.

"Njoo hapa," Anord alimwita Yusta. "Nguo kuchanika ni kawaida, hata mimi nimezichana. Ungeniambia jana, tungeiziba jana. Kinachoniuma ni kwamba uliniangalia nikiivaa, ukanyamaza. Kule chini mikono ilikufa ganzi, kamba nikawa siisikii. Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie kabla hajakitumia. Utaona aibu, ndiyo, lakini itakwisha. Mimi ningebaki kule chini, ungemwambia nani?"

"Nisamehe, baba mdogo."

"Nimekusamehe. Na Didas atakusamehe, akishapata namna ya kuniomba msamaha mimi."

Didas alijifanya anakunja kamba.

Yusta hakwenda nyumbani. Alishuka hadi kwenye bomba la kijiji, ambako wale mama wawili walikuwa kwenye foleni, mmoja akiigiza jinsi mzamiaji alivyotetemeka. Foleni nzima ilikuwa inacheka, na Jackline alikuwemo.

"Shikamooni," Yusta alisema, sauti ikikwaruza. "Baba mdogo hajazeeka. Mimi ndiye niliyechana fulana yake, nikaficha."

Wote walimgeukia. Yusta hakutazama chini.