Sauti ya Mjomba Lubin

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari mifupi, juu kabisa ya kijiji cha Chéticamp, na Zélie Poirier alikuwa amebakiza kipande kimoja tu cha ardhi cha kuhesabu mimea. Hakikuzidi ukubwa wa mkeka, kando ya chemchemi ya baridi, na vimea vyake havikuota popote pengine katika mbuga yote ya taifa.

"Miaka sita chuoni, mpwa wangu, uje kuhesabu vitu vidogo kama chawa!" mjomba wake Lubin alimtania.

"Kaa pale jiweni, mjomba. Utanipotezea hesabu."

Lubin akacheka kile kicheko chake kizito, akaenda. Hatua sitini hivi. Mara ukungu ukashuka, jiwe likapotea.

Zélie akapiga magoti. Thelathini na nane… thelathini na tisa…

Harufu ikamfikia. Nywele zilizoungua.

"Umefika ngapi?" sauti ya Lubin ikauliza, nyuma yake kabisa.

Alifungua mdomo kujibu. Ndipo akaiona miguu. Peku. Ya mwanamke. Imesimama juu ya tope, wala haizami.

"Zélie!" Sauti hafifu ilikwaruza kutoka mbali, upande wa jiwe. "Usimwitikie!"

Mkono wa baridi ukamkaba shingo, ukamkandamiza uso topeni.

"Mlituchomea nyumba," sauti ya mjomba wake ikanong'ona sikioni. "Leo mnahesabu majani."

Maji yakamwingia puani. Akapapasa, akashika kigingi cha chuma kilichoonyesha mpaka wa kipande, akachoma nyuma bila kutazama.

Mkono ukaachia.

Alikimbia hadi akamgonga Lubin kifuani. Hawakusimama mpaka garini.

"Ni Ozite," Lubin alisema kwa shida, akijishika koo. "Mchawi. Watu walipohamishwa kutoka huku kupisha mbuga, yeye aligoma kutoka. Nyumba ikachomwa. Mifupa yake haikuonekana."

"Mbona sauti imekukauka?"

"Aliniita mimi kwanza. Kwa sauti ya marehemu mama."

"Ukaitika?"

Lubin akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Huu mwaka wa tatu. Madaktari wamemchungulia koo, wanasema ni zima. Zélie hajapanda tena huko. Lakini ukungu ukishuka, wapo wapita njia wanaorudi wakisimulia juu ya mzee mcheshi, asiyeonekana, anayewaita wasogee karibu na chemchemi.

Jioni kama hizo Lubin hufunga madirisha yote, akakaa gizani, viganja masikioni. Anakisikia kicheko chake mwenyewe.