Uvimbe Ulionywea

Mume wangu ni fundi cherehani. Kila mtu humwita Fundi, hata mama yake mzazi. Akishona, pini zake huzibana kwa midomo na bado anapiga soga. Tumbaku yake hukaa kando ya ulimi, kutwa nzima. Nimegombana naye juu ya tumbaku hiyo mpaka nimechoka. Jibu lake ni moja: "Mke wangu, bila hii macho yanafumba."

Basi akatokwa na kidonda pale kando ya ulimi.

"Pini imenichoma," akasema.

Nani ambishie fundi habari za pini? Mdogo wake, anayeshona naye kibandani, akamuunga mkono. Yeye pia anabana pini, na tumbaku wanachota kopo moja. Fundi akawa anasukutua maji ya chumvi. Wiki zikapita, kidonda kikawa uvimbe mgumu. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikamburura hospitali.

Walikata kinyama kidogo wakakipima. Ilikuwa saratani ya kinywa. Daktari akatueleza mpango: kwanza dawa ya kupitishwa kwenye mshipa, kisha upasuaji. Dawa ilimtesa. Alitapika, akanyonyoka nywele. Lakini uvimbe ulinywea mpaka ukatoweka machoni petu. Siku ya upasuaji Fundi akavaa shati la kazi.

"Nikatwe nini, na uvimbe umekwisha?"

Nilimsihi, nikamfokea, nikalia. Wapi! Akaenda zake kibandani.

Uvimbe ukarudi, mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Jirani yetu anafanya kazi maabara ya hospitali. Tunamwita Dada Kioo, maana kutwa anachungulia kwenye hadubini. Alipokuja kumjulia hali, Fundi alimuuliza kwa taabu, "Dada, ile dawa ilikuwa ya uongo?"

"Hapana, shemeji. Ilifanya kazi. Umewahi kulima shamba lenye ndago?"

"Nimelima. Unafyeka leo, kesho imeota."

"Kwa nini inaota?"

"Viazi vyake vimebaki chini."

"Na uvimbe hivyo hivyo. Umejengwa kwa seli, chembe ndogo mno. Nyingi zilikufa kwa dawa, ndiyo maana ulinywea. Ila humo ndani kuna chache tunaziita seli shina. Hizo hazifi upesi. Zikibaki hata kidogo, zinaweza kuzaa uvimbe mwingine. Daktari alitaka kukata pale pote, hata usipoona kitu."

Mimi nilikuwa na hasira, nikauliza, "Mnazijuaje, na zote ni seli?"

"Tunazipaka rangi inayonasa kwenye alama zake. Zile tunazozishuku tunazilisha kwenye visahani. Nyingi hufa. Chache hukua na kufanya vifundo vipya. Tunachunguza zinavyoikwepa dawa. Dawa ya kuzing'oa zote bado hatuna, dada yangu. Sitakudanganya."

Fundi alikubali kupasuliwa. Sasa ilibidi wakate nusu ya ulimi na kipande cha taya. Kabla ya hapo aliombwa kinyama cha uvimbe kwa ajili ya utafiti. Dada Kioo alimwambia wazi kwamba hakitamponya yeye, na akikataa atatibiwa vilevile. Fundi akasema wachukue.

Soga zikaisha. Yule msemaji wangu sasa alikuwa ananielekeza kwa vidole. Baadaye shingo ikavimba. Daktari alinikalisha, akasema kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Nilimuuliza Dada Kioo kuhusu kile kinyama.

"Seli zake zinakua vizuri," akasema, kisha akainamisha kichwa.

Zinakua vizuri, na mume wangu anakwisha. Niliumia sana siku ile.

Dada Kioo hakuondoka. Alimgeukia mdogo wake Fundi, aliyekuwa amekaa nasi, akamwambia, "Fungua kinywa." Ndani ya shavu kulikuwa na doa jeupe.

"Haliumi," akasema shemeji yangu.

"Hata kidonda cha kaka yako hakikuuma mwanzoni. Kidonda au doa lisilopona wiki mbili ni la kupeleka hospitali. Usingoje liume."

Alikwenda kesho yake. Doa lilipimwa, halikuwa saratani bado, wakaliondoa. Tumbaku akaiacha, ingawa alikuwa mkali kama pilipili mwezi mzima. Kila tarehe ya kuchunguzwa anahudhuria.

Siku moja aliporudi na majibu mazuri, alikuta namnywesha Fundi uji kwa mpira wa puani. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaachama kinywa. Fundi alimshika kidevu, akatazama shavu hili, akatazama na lile. Alitazama muda mrefu. Kisha akamkumbatia mdogo wake, na wote wawili wakalia, mmoja kwa sauti na mwingine bila sauti.