Rangi ya Kumshukuru Mama Fabian

Kila jioni, wenzake walipokimbilia uwanjani kucheza, Resiato alikimbilia chumba cha kompyuta. Walimtania kwamba mtoto wa kijijini Nainokanoka, aliyekulia nyuma ya ng'ombe, sasa anachunga kipanya. Yeye alicheka tu, akaendelea kujifunza.

Hapa Karatu aliishi kwa Mama Fabian, mkulima wa mboga, aliyempokea ili apate kusoma. Mama huyo hakuwahi kumfanya ajione mgeni. Akipika makande, sahani ya Resiato na ya Fabian zilijaa sawasawa. Jamani, wema wa namna hiyo utaulipa kwa kitu gani? Resiato alilifikiria hilo kila siku.

Nafasi ikapatikana. Klabu ya kompyuta iliombwa kutengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kikundi cha kina mama wauza mboga, kikundi cha Mama Fabian. Mnunuzi wa hoteli moja angefika kesho yake kuutazama, kisha aamue kama atanunua mboga zao. Resiato na mwenzake Filbert walipewa kazi ya kupanga rangi. Mwalimu Clemensi aliwafundisha kuandika amri kwa mkato, halafu programu huzigeuza kuwa mitindo kamili ya rangi na ukubwa wa maandishi. Kila amri, aliwaambia, huanza na kiteuzi, yaani neno linalotaja nani anaamriwa.

Filbert alipotoka kunywa maji, Resiato akaamua kumpamba Mama Fabian: jina lake liwe jekundu na kubwa. Akaandika haraka haraka, wala kiteuzi hakukifikiria. Lo! Kila neno ukurasani likawa jekundu, likavimba kama unga wa maandazi. Akaandika amri nyingine ili afiche kosa, na ukurasa wote ukabaki mweupe.

Mwalimu aliingia, akatazama, akauliza Filbert yuko wapi, maana kwa utundu Filbert alijulikana klabu nzima. Kunyamaza kulikuwa rahisi kabisa. Lakini mama yake Filbert naye alikuwa mwanakikundi. Angemshukuruje mama mmoja kwa kumsingizia mtoto wa mwenzake?

"Mwalimu, ni mimi," Resiato alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilitaka jina la Mama Fabian lipendeze. Nimeharibu kila kitu."

Mwalimu hakumgombeza. Alivuta kiti, akaketi. "Kwenu ukitaka ng'ombe mmoja aje, unafanyaje?"

Resiato alijifuta macho. Akaeleza kwamba ukipiga mluzi, ng'ombe wote wanakuja. Ukitaka wa nyumba ya mama yake tu, unatazama alama ya sikioni. Ukimtaka Nanyokie, yule mwekundu, unaita jina lake.

"Basi wewe umepiga mluzi," mwalimu alisema.

Resiato akacheka huku bado analia. Mwalimu akamwonyesha kwamba kutaja aina, kama vile aya, ni kuziita aya zote. Nukta mbele ya neno ni alama ya kundi. Alama ya reli, yaani #, mbele ya neno ni jina la mmoja tu. Resiato akafuta, akaandika upya kwa alama ya reli. Ukurasa ukarudi, na jina la Mama Fabian peke yake likawa jekundu.

Asubuhi kina mama walifika shuleni mapema. Mama Fabian aliliona jina lake, akamkumbatia Resiato kwa furaha. Kisha akawatazama wenzake, akainama.

"Mwanangu, nimefurahi sana," alimnong'oneza. "Ila shamba langu lilipokauka, hawa ndio walionipa mbegu. Hata makande unayokula yametoka mikononi mwao."

Resiato alirudi kwenye kompyuta, akaondoa alama ya reli, akaweka nukta na neno la kundi. Majina yote ya kina mama yakawa mekundu. Mama yake Filbert akaligusa lake kwenye kioo, taratibu. Mnunuzi alipokuja, aliusoma ukurasa mpaka mwisho, akaomba mboga zianze kupelekwa hotelini wiki inayofuata.

Njiani kurudi nyumbani, Mama Fabian alimshika mkono. "Mwalimu amenisimulia ya jana. Ulisema kweli, ndiyo maana kosa lilipata dawa. Na ukimshukuru mtu, washukuru na waliomshika mkono."

"Asante, mama," Resiato alijibu. Kwa mara ya kwanza, hakuongeza jina la Fabian.