Miche Myeupe ya Shangazi

Kila siku alasiri Chiriku alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni na kuanza kuhadithia kabla hajamaliza kusalimia. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, fundi cherehani, aliyedai kwamba akimpima mteja kiuno huku binti yake yuko karibu, suruali hutoka na maneno tele mifukoni. Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwahi kukosa la kusema.

Nyumbani kwao aliishi pia shangazi yake, aliyekuwa akisoma jenetiki chuo kikuu. Jenetiki ni elimu ya jinsi viumbe wanavyorithi sifa za wazazi wao, na Shangazi alikuwa akiisomea shahada ya uzamivu, ile ya juu kabisa. Baba alipenda kumtania kwamba yeye na Chiriku watahitimu siku moja. Kwa misimu miwili Shangazi alikuwa akichavusha mahindi kwa mkono, akiyapaka chavua, ule unga wa maua, shina baada ya shina. Mbegu alizozipata alizipanda kwenye trei tatu barazani, kwa sababu paa la nyumba ya mimea ya chuo lilikuwa linatengenezwa.

Jumatatu alipokuwa anajiandaa kwenda maabara ya chuo kwa juma zima, alimwita Chiriku barazani.

"Trei tatu, vishimo arobaini kila moja, mbegu moja kila kishimo," alisema. "Mwagilia asubuhi na jioni. Using'oe kitu, usiongeze kitu. Kila jioni andika kwenye daftari hili umefanya nini na umeona nini."

"Nitaona nini, Shangazi?"

"Hilo sikwambii. Nikikwambia ninachotarajia, jicho lako litakwenda kukitafuta. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi watafiti."

Chiriku alivimba kichwa. Siku tatu za mwanzo alimwagilia bila kukosa, na shuleni kila mtu alijua kwamba yeye sasa ni mtafiti. Alhamisi wenzake walimwita kufanya mazoezi ya mashindano ya kuruka kamba, akaondoka nyumbani mapema na kurudi amechoka hoi. Ijumaa ikawa vivyo hivyo. Siku zote mbili aliandika daftarini, "Nimemwagilia asubuhi na jioni."

Jumamosi asubuhi alikwenda barazani na kopo la maji, akasimama ghafla. Miche ilikuwa imechipua. Mingi ilikuwa ya kijani, lakini huku na huku, katika trei zote tatu, kulikuwa na miche myeupe pe, haina hata chembe ya rangi. Udongo ulikuwa mkavu. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba miche ile ameiua yeye kwa kiu.

Hakumwambia mtu. Baba alipotoka kupeleka nguo kwa mteja, aling'oa mche mweupe mmoja baada ya mwingine, akaitia yote kwenye kisanduku cha viatu na kukisukuma chini ya kitanda. Nyuma ya nyumba Baba alikuwa na mistari ya mahindi yaliyoota juzi tu. Chiriku alichukua miche kutoka kwenye mstari mmoja, akaipandikiza katika vishimo vilivyobaki wazi, kisha akaandika daftarini, "Miche yote 120 ni ya kijani."

Jioni Baba alirudi akitikisa kichwa. "Panya wa siku hizi wana mpangilio," alisema. "Wamenimalizia mstari mmoja, mingine hawakuigusa."

Siku nyingine Chiriku angecheka na kuongeza maneno yake kumi. Safari hii alikazia macho sahani yake, kisha akaisukuma kando. Baba alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Shangazi alirudi Jumapili mchana. Hata mkoba hakuutua. Alikwenda moja kwa moja barazani, akainama juu ya trei ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafungua daftari na kulisoma, kisha akaketi kwenye kigoda. Chiriku alimtazama kutoka mlangoni. Alikuwa ametarajia kusifiwa, lakini Shangazi alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Baada ya kitambo Shangazi alimpigia simu msimamizi wake wa masomo.

"Shikamoo, Profesa. Yote ni ya kijani. Hapana, binti aliyekuwa anaiangalia ni mwaminifu, ameandika kila siku. Kosa ni langu. Nadhani nilichanganya chavua tangu msimu wa kwanza." Alisikiliza jibu. "Ndiyo, misimu yote miwili imepotea. Naomba jina langu liondolewe kwenye ratiba ya kuwasilisha utafiti."

Neno "mwaminifu" lilimchoma Chiriku kuliko kofi. Aibu ilimpanda usoni hadi masikio yakawaka. Angeweza kukimbilia chumbani, na hakuna ambaye angejua kitu. Lakini mtu aliyekuwa akijilaumu pale hakuwa na kosa lolote, na hilo Chiriku hakuweza kulivumilia. Alikwenda kuvuta kile kisanduku, akakiweka miguuni pa Shangazi.

"Niliiua, Shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Sikumwagilia siku mbili, ikawa myeupe. Nikaing'oa, nikaweka mahindi ya Baba. Na daftarini nilidanganya."

Shangazi alifunua kisanduku. Miche ilikuwa imenyauka, lakini weupe wake ulikuwa bado unaonekana wazi.

"Nimekasirika, Chiriku, sitakuficha," alisema. "Sasa keti unisikilize. Hukuiua. Ilizaliwa myeupe. Wazazi wake wote ni wa kijani, lakini kila mzazi amebeba jeni, yaani chembe ya urithi, ya weupe isiyoonekana. Mche ukirithi jeni hiyo kutoka pande zote mbili, hutoka mweupe. Rangi ya kijani ndiyo jiko la mmea, kwa hiyo mche mweupe hufa baada ya siku chache hata ukiuogesha maji. Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri misimu miwili."

Chiriku alilia kwa kwikwi. Alikuwa ameficha kitu pekee kilichokuwa kinatafutwa. Shangazi alimwacha alie, kisha wakahesabu pamoja. Ilikuwa thelathini na mmoja.

"Nilitarajia karibu thelathini, robo ya miche yote," alisema Shangazi, akashusha pumzi.

"Basi utafiti umepona?"

"Bado. Siwezi kumpelekea Profesa hesabu ya kisanduku cha viatu. Ila sasa najua chavua sikuichanganya. Nusu ya mbegu niliiweka akiba, kwa hiyo tutapanda upya, na nitachelewa majuma mawili. Haya, chukua simu, mweleze Profesa mwenyewe."

Yalikuwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema Chiriku, na magumu kuliko yote. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba chuo kitamsubiri Shangazi awasilishe. Jioni ile Chiriku alimwungamia Baba habari za panya, akapanda upya mstari wa mahindi peke yake.

Kwenye trei mpya, mche mweupe wa kwanza ulitokeza siku ya sita. Chiriku aliuandika daftarini kwa furaha. Siku iliyofuata alipitiwa na usingizi baada ya shule. Alipoamka alichukua kalamu, uso ukimwaka tena, akaandika, "Leo jioni nimechelewa kumwagilia. Nililala."

Shangazi alisoma mstari ule, akakaa karibu naye barazani.

"Siku ile ungeniandikia hivi, nisingepoteza kitu," alisema. "Siku mbili bila maji hazikuniharibia kazi, mwanangu. Kilichoniharibia ni daftari safi lenye uongo. Kosa likiandikwa tunalirekebisha. Likifichwa, anakuja kulibeba mtu asiyehusika."

Akamrudishia daftari, na kalamu juu yake, kwa ajili ya kesho.