Isale kwa Asiyekosewa

Soko la Mbuyuni lilikuwa limefurika Jumamosi ile Praygod alipomkanyaga Elinipendo kiatu cheupe. Aliomba radhi huku macho yake yakiwa usoni kwa binti, si kwenye kiatu. Elinipendo alivaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa vizuri mno, na hasira zilimkaa vizuri zaidi.

"Wewe kaka, unatembea au unabomoa?"

"Samahani, mrembo. Nipe namba, nikuletee vingine."

"Angalia. Mimi ni mkaguzi wa majengo hapa mjini. Nisije nikakubomoa wewe."

Viatu vipya vikaja, na simu za usiku, na "mpenzi umekula?" kila saa. Masika hayajaisha, mbege ya uchumba, pombe ya ndizi, ilikuwa imeshanywewa kwa wazazi wa Elinipendo, Old Moshi.

Kisha Praygod akaleta ujuaji. Alianza kujenga chumba cha maharusi nyumbani kwao Pasua, bila kibali, akausukuma ukuta mpaka ukaziba dirisha la jirani, mjane aitwaye mama Kornelia. Kanuni za mji zinataka nafasi iachwe mpakani, na ruhusa maalumu ya kuipunguza hutolewa jirani akiridhia. Praygod hakumuuliza mjane hata neno. Mama Kornelia akaenda kulalamika, na aliyetumwa kuchora X nyekundu ukutani akawa Elinipendo mwenyewe.

Simu ikalia hapo hapo.

"Mpenzi, umeniwekea X mimi?"

"Nimeuwekea ukuta."

"Chumba si chako hicho? Mtaa mzima unajua mchumba wangu ni nani. Kibali cha nini tena?"

"Kumbe uliichumbia ofisi!"

Akakata simu. Alilia, kisha akanawa uso na kurudi kazini.

Kesho yake Praygod aliingia ofisini kwa Elinipendo na suti ya kijivu, mkononi jani la isale. Kwa Wachaga, mkosaji akikuletea isale humrudishi. Unasamehe, hata kama moyo unachemka. Mzee Filemon, mkuu wa kitengo, akavua miwani. Praygod alijua anachofanya, kumbana binti wa watu mbele ya wakubwa zake!

"Elinipendo, nimekosa. Nipe hiyo ruhusa maalumu, yaishe."

"Mimi umenikosea nini?"

"Si umenuna?"

"Aliyekosewa ni mama Kornelia. Anapika mchana na taa imewashwa. Mpelekee yeye isale. Akiridhia, nakuandikia ruhusa leo leo."

"Nikampigie magoti yule mchongezi?"

"Basi bomoa."

"Ukinitia aibu hii, Elinipendo, usinijue."

"Mlango ule pale."

Alitoka na isale lake. Nyumba ya mama Kornelia ilikuwa njiani, mlango wazi, mwenyewe anamenya ndizi kibarazani. Akampita kama anapita nguzo ya umeme.

Wiki nzima hawakupigiana simu. Elinipendo alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Jumapili baada ya ibada simu yake ikaita.

"Nimebomoa," Praygod alisema, anahema. "Kwa mikono yangu. Umefurahi?"

"Nimefurahi sana, mpenzi." Sauti yake ikalainika. "Na mama Kornelia umemwambiaje?"

"Yule? Simsemeshi mpaka naingia kaburini. Nimebomoa kwa ajili yako."

"Praygod, jirani amekukatalia ukuta tu, humsemeshi mpaka kaburini. Mimi nikishakuwa ndani kwako, siku nikikukatalia jambo utanifanya nini?"

"Sasa hayo yanaingiaje hapa?"

"Waambie wazee wako waje kwetu kuzungumza. Harusi sitaki tena."

Simu ikakatika. Praygod alisimama katikati ya kifusi, vumbi mpaka kwenye kope. Mbele yake dirisha la mama Kornelia lilifunguka, na mjane akamtazama, akingoja aamkiwe kama mzazi yeyote. Shikamoo ilimfika Praygod kooni. Akaimeza, akainama kuokota matofali.