Ukaguzi Uliofutwa

"Usiniambie nishushe sauti, mimi nataka wanisikie mpaka ghorofa ya juu," Mama Pacha alisema, beseni la nguo kiunoni. "Huyo mkaguzi wako ndiye aliyetunyima nembo. Wanawake kumi na wanane tumekaa nyumbani, kisa mapenzi yako."

"Mama Pacha, hata mimi sijui aliandika nini," binti jirani yake alijibu akiwa mlangoni kwake, amevaa gauni la kijani, sindano bado imechomekwa kolani.

Wote wawili ni washonaji wa mikoba ya ngozi kwenye kiwanda kimoja. Mnunuzi wao wa ng'ambo hachukui mkoba usio na nembo ya biashara ya haki, ushahidi kwamba aliyeushona analipwa anachostahili, havuti mvuke wa gundi wala hafokewi. Kila mwaka huja mkaguzi kuhakikisha. Safari hii alikuja kijana mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mnapata mapumziko?" alimuuliza yule binti wa gauni la kijani.

"Tunapata. Wewe je, au kazi yako kuuliza wenzako tu?"

Alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Jioni ile ile simu zikaanza. Wiki mbili za "umeshakula, mpenzi?" na "kata wewe kwanza." Kisha ikaja barua kwamba nembo imesimamishwa. Binti akazima simu, na leo ni siku ya nne.

Mama Pacha hajamaliza, mkaguzi mwenyewe huyo anapanda ngazi. Shati limejikunja kama limelaliwa.

"Kumbe uso wa kuja anao," Mama Pacha akasema.

"Uliandika nini juu yetu?" binti akauliza.

"Kwamba mko sawa. Kila kitu sawa." Kijana akaegemea ukuta. "Halafu nikaenda kwa mkubwa wangu nikamwambia nimekupenda. Sikutaka kuficha. Akasema mkaguzi mwenye mpenzi kiwandani, ukaguzi wake haupo. Wameufuta wote. Atakuja mwingine."

"Lini?"

"Foleni ndefu. Labda miezi mitano."

"Na tukiachana?"

"Haibadilishi kitu. Niliuliza."

"Kwa hiyo uliuliza."

"Kwa ajili yenu. Nilikuwa naomba aseme haisaidii."

Mama Pacha akaweka beseni chini. "Si ungenyamaza tu, mwanangu?"

"Wangekuja kujua, mngenyang'anywa moja kwa moja."

Mama Pacha akainua tena beseni lake, akageukia ngazi. Binti akachomoa sindano kolani, akaichomeka tena palepale.

"Sasa umekuja na nini?"

"Sina kitu. Nimejaribu kila mlango. Nimekuja tu."

Nyuma ya pazia, mama mzazi wa binti alikuwa amesikia yote tangu kelele za kwanza.

"Mtoto wa watu mtamsimamisha kwenye ngazi mpaka hiyo miezi mitano iishe?" sauti yake ikatoka. "Ingia, baba, chakula kinapoa. Na wewe Mama Pacha, acha kujifanya unaondoka. Sahani yako ipo."